Springi za kushusha au koilova kwa gari la spoti?

Mwenye gari la spoti huifikia njia panda hii mapema. Anaegesha, anageuka kulitazama gari, na jicho linatua palepale: ile nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi, kana kwamba gari limepandisha kanzu lisilowe. Anauliza afanye nini, na kila aliyeulizwa ana jibu lake. Huyu anaapa kwamba springi za kushusha zinatosha, yule anasema bila koilova ni pesa iliyotupwa. Wote wawili huenda wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anasimulia gari lake na barabara zake.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vyenyewe. Kila gurudumu lina springi inayobeba uzito, na lina shokapu (wengine huiita shokomzoba) inayotuliza. Springi ikiachwa peke yake ingedunda na kudunda. Shokapu hulazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo ya vali, na nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Springi za kushusha ni springi fupi na ngumu zaidi zinazokaa mahali pa zile za kiwandani, huku shokapu zikibaki zilezile. Koilova ni springi na shokapu zilizobuniwa zikiwa jozi, na mwili wake una hesi na nati za kupandisha au kushusha kimo. Nyingi zina pia kifundo cha kuongeza au kupunguza nguvu ya kutuliza.

Jina la koilova huwachanganya watu. Kuna magari yanayotoka kiwandani springi ikiwa imeizunguka shokapu kwenye magurudumu yote manne, Mazda MX-5 ikiwa mojawapo, lakini hayana cha kurekebisha. Na kuna mengine, kama Nissan 350Z na BMW 3 Series, ambayo nyuma springi na shokapu zimekaa mbalimbali. Seti ya koilova ya magari hayo huja na vipande viwili kwa kila upande wa nyuma. Usishangae ukifungua boksi.

Kwa maoni yangu tofauti kubwa haiko kwenye vyuma. Springi ni uamuzi uliokwisha kufanywa: mhandisi amechagua kimo na ugumu, wewe unafunga na kuendesha. Koilova ni uamuzi unaokabidhiwa wewe. Kwa anayejua anachotafuta, hiyo ni hazina. Kwa asiyetaka kurudi tena chini ya gari, ni pesa nyingi kwa ajili ya nati ambayo haitazungushwa kamwe.

Nitazipima kwa mambo matano: gari linavyokwenda, kimo na pembe za magurudumu, gharama hadi gari litoke gereji, matunzo, na nani inamfaa. Mawili ya kwanza yatachukua nafasi kubwa, maana ndiko watu wengi wanakojikwaa.

Gari linavyokwenda

Kushusha gari ni kulipunguzia nafasi ya kubonyea. Chukua mfano wa gurudumu lenye milimita 80 za kupanda kabla halijaigonga ile raba ya kupokea kishindo. Lishushe gari milimita 30, zinabaki 50. Springi ikibaki na ulaini uleule, kila tuta litakuwa kishindo. Ndiyo sababu springi fupi lazima iwe ngumu zaidi. Ugumu huo ni malipo ya kimo kilichopungua, na malipo hayo yapo kwenye njia zote mbili.

Springi za kushusha za watengenezaji makini, kama Eibach na H&R, kwa kawaida hushusha gari kati ya milimita 15 na 40, na ugumu wake huongezwa kwa kiasi ambacho shokapu ya kiwandani bado inakimudu. Hesabu yenyewe inatia moyo. Nguvu ya kutuliza inayohitajika hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha ugumu wa springi. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 25, shokapu inatakiwa iongeze kama asilimia 12 tu, na shokapu nzima ya gari la spoti mara nyingi inaweza kuliziba pengo hilo. Ugumu ukifika mara mbili, pengo linakuwa asilimia 41. Hapo shokapu ya kiwandani imezidiwa: gari linapita tuta, kisha linapanda na kushuka mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Zingatia neno "nzima". Niliwahi kufunga springi mpya juu ya shokapu zilizokuwa zimetembea kilomita 90,000. Wiki za mwanzo nilifurahi sana, gari lilikuwa limekaa vizuri na usukani ulijibu upesi. Kisha kwenye kona zenye mawimbi nyuma ikaanza kuelea, na kabla mwaka haujaisha shokapu mbili zilikuwa zinatokwa mafuta. Nikalipa ufundi uleule mara ya pili. Springi hazikuwa na kosa lolote. Nilizitwisha shokapu zilizochoka kazi ya shokapu mpya.

Springi nyingi za aina hii zimesukwa kwa mizunguko isiyolingana. Sehemu yenye mizunguko iliyobanana hugusana mapema na kuacha kufanya kazi, na kutoka hapo springi inakuwa ngumu. Kwenye changarawe na viraka vidogo hilo ni raha. Kwenye kona ya kasi, dereva mwenye mkono mwepesi atahisi gari likibadilika tabia katikati ya kona, jambo ambalo wengine hawaligundui maishani na wengine haliwapi usingizi.

Koilova nzuri hushinda hapa kwa sababu moja: aliyechagua springi ndiye aliyepanga vali. Inaweza kuwa ngumu kuliko springi za kushusha na bado ikapita kwenye tuta kwa ustaarabu zaidi, kwa sababu gari linatulia mara moja. Nyingi ni za mrija mmoja wenye gesi ya nitrojeni kwa shinikizo kubwa, muundo ambao Bilstein iliuingiza kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Mafuta katika muundo huo hayatoki povu kirahisi, na joto linatoka moja kwa moja kupitia ukuta wa mrija. Kwa anayezunguka kiwanja cha mbio dakika ishirini mfululizo, hiyo ndiyo tofauti kati ya gari linaloshika mzunguko wa mwisho kama wa kwanza na gari linalolegea njiani.

Koilova mbaya ni jambo jingine kabisa, na ziko nyingi. Springi ni ngumu kwa sababu ugumu huuza, vali ni ya kubahatisha, na kifundo kipo kwa ajili ya picha. Nimewahi kushika seti ambayo kifundo chake kina ngazi thelathini za kurekebisha, lakini ngazi kumi za mwisho hazikubadilisha chochote nilichoweza kuhisi. Seti ya namna hiyo huharibu gari ambalo kiwanda kilililea kwa miaka, na mwenye nayo huishia kuamini kwamba gari la spoti lazima limvunje mgongo. Jua pia kifundo chako kinagusa nini. Kikiwa kimoja, mara nyingi hurekebisha jinsi shokapu inavyonyooka, au kunyooka na kubonyea kwa pamoja. Kuvitenganisha kunahitaji seti za bei ya juu.

Onyo moja kuhusu namba, kwa kuwa watu hupenda kuzilinganisha: ugumu wa springi hausemi chochote mpaka ujue springi imekaa wapi kwenye mkono wa gurudumu. Springi ikisogea milimita 7 kila gurudumu linaposogea 10, ugumu unaofika kwenye tairi ni kama nusu tu ya ulioandikwa. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao springi na shokapu ni nguzo moja iliyosimama juu ya gurudumu, springi husogea karibu sawa na gurudumu, kwa hiyo springi ileile inahisiwa karibu yote. Namba ya rafiki yako mwenye gari la aina nyingine haikuhusu.

Kimo na pembe za magurudumu

Springi hukupa kimo kimoja. Zikishafungwa hujikalia kidogo katika wiki za kwanza, halafu basi. Ukiona mbele imekaa juu kuliko ulivyotamani, huna la kufanya. Lakini kimo hicho kilichaguliwa na mtu aliyeangalia pembe za mikono, urefu wa shokapu na nafasi ya tairi ndani ya bodi. Ufinyu huo wa chaguo ni ulinzi pia.

Koilova hukupa wigo, na wigo huo hupatikana kwa njia mbili. Katika ya kwanza unazungusha nati ambayo springi inaikalia. Ukiishusha, gari linashuka na shokapu inapoteza sehemu ya nafasi yake ya kubonyea. Ukiishusha kupita kiasi, springi inalegea gurudumu linaponing'inia, na springi iliyolegea inaweza kuhama mahali pake. Katika ya pili, kuna kishikio cha chini kinachoingia na kutoka, kwa hiyo urefu wa shokapu nzima unabadilika huku nafasi ya pistoni ikibaki vilevile. Njia ya pili ni bora, ila inadai uangalifu: shokapu haitakuzuia kushusha gari mpaka tairi liikwangue bodi.

Kuna imani iliyoenea kwamba kukaza nati kunaifanya springi iwe ngumu. Sivyo. Springi iliyosukwa sawasawa ikihitaji kilo 5 ili ibonyee milimita moja, itahitaji kilo hizohizo nati ikiwa juu au chini.

Sasa nifike kwenye jambo linalosahaulika kuliko yote. Gari lililoshushwa sana linaweza kulala zaidi kwenye kona. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao ndio ulio mbele ya magari mengi ya spoti ya bei ya kati, Toyota GR86 ikiwa mfano, mkono wa chini ukishaelekea juu upande wa gurudumu, kitovu ambacho bodi hulalia kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo ndio mtaimbo unaoilaza bodi, na wewe umeurefusha. Tairodi, yaani fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zinapoteza pembe yake, na gari linaanza kujigeuza lenyewe linapopita matuta. Ziko boljointi (viungo vya mviringo vinavyounganisha mkono wa chini na gurudumu) ndefu za kurekebisha hali hiyo, lakini hizo ni gharama nyingine. Kwa springi zinazoshusha milimita 20 au 25 tatizo hili huwa dogo. Kwa koilova iliyozungushwa hadi mwisho wa hesi, huwa kubwa. Ukitaka kwenda kasi, kimo sahihi cha koilova mara nyingi kiko juu kuliko kile kinachopendeza kwenye picha.

Iwe springi au koilova, alaimenti, yaani kupima na kupanga pembe za magurudumu, ni lazima baada ya kazi. Watu hulaumu mwinamo wa tairi, ule unaouona ukisimama mbele ya gari, lakini kinachokula mpira kwa haraka ni matairi kutoelekea sambamba yakitazamwa kutoka juu. Kosa dogo la upande huo linaweza kumaliza ukingo wa ndani wa tairi huku uso wa nje ukionekana mpya.

Koilova ina zawadi moja ambayo springi haina: unaweza kuliweka gari juu ya mizani minne, dereva akiwa kitini, na kugawa uzito kati ya pembe zake. Kwa mashindano ni kazi ya maana. Kwa safari za kila siku hutaihisi.

Gharama hadi gari litoke gereji

Ukitazama bei kwenye boksi tu, springi zinashinda bila ubishi. Ila ufundi wa kufunga springi na wa kufunga koilova unakaribiana sana, kwa sababu kwa vyovyote vile shokapu za mbele zinashushwa, zinafunguliwa na kurudishwa. Kwa springi fundi anatumia kibanio, na hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani kwa kibanio dhaifu. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Koilova kwa kawaida huja imeshaunganishwa, kwa hiyo inaweza hata kuchukua muda mfupi.

Basi hesabu inakwenda hivi: springi, ufundi na alaimenti kwa upande mmoja, koilova, ufundi na alaimenti kwa upande wa pili. Kisha jiulize shokapu zako zina umri gani. Zikikaribia kuchoka, ongeza upande wa springi bei ya shokapu mpya na ufundi wa pili. Pengo linapungua ghafla.

Kwa zote mbili ongeza raba za kishindo, vifuniko vya vumbi na maunti za juu (zinazoshikilia shokapu kwenye bodi) kama zimechakaa, kwa kuwa kila kitu kipo wazi siku hiyo. Na umwambie fundi bushi za mikono, yaani raba za kwenye viungo vyake, zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi iliyokazwa ikiwa inaning'inia hubaki imejisokota muda wote na kuchanika mapema, na pia hulizuia gari kukaa kwenye kimo chake.

Matunzo

Springi hazidai kitu. Zikague kwa kutu na mipasuko gari linapoingia gereji kwa jambo jingine, basi.

Koilova zinadai. Hesi zinapokea matope, chumvi na maji, na nati za alumini juu ya chuma hushikana zikiachwa. Zisafishe, zipake grisi ya kuzuia kushikana, zungusha nati mara kwa mara hata kama hubadilishi kitu. Mihuri huchakaa na shokapu huanza kuvuja. Seti nzuri kama za Öhlins au KW zinaweza kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati, ilhali nyingi za bei ya chini hutupwa. Kabla ya kununua, uliza kama vipuri vya ndani vinauzwa. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu seti hiyo.

Nani inamfaa

Springi zinamfaa anayelitumia gari kila siku, anayependa lilivyo ila analitaka limekaa chini kidogo na limeamka zaidi kwenye usukani, na shokapu zake bado zina nguvu. Zinamfaa pia mwenye gari lenye shokapu za kielektroniki. Hapa nisisitize: gari likiwa na shokapu zinazobadilika zenyewe kwa kompyuta, kama zile za sumaku kwenye Chevrolet Corvette au Audi R8, koilova ya kawaida itaondoa mfumo wote huo. Utahitaji kifaa cha kuidanganya kompyuta isiwashe taa ya onyo, na utakuwa umetoa kitu cha thamani. Ziko koilova chache zinazounganishwa na mfumo wa gari, na ziko seti za springi zenye nati za kimo zinazoziacha shokapu zako mahali pake. Tafuta hizo kwanza.

Koilova zinamfaa anayekwenda kiwanja cha mbio, anayebadilisha matairi na rimu na kuhitaji kimo cha kufuatana nazo, au ambaye shokapu zake zimekwisha na angenunua nyingine kwa vyovyote. Zinamfaa hasa anayefurahia kurekebisha: anayebadilisha kitu kimoja, anaendesha njia ileile, anaandika alichohisi.

Iko pia njia ya katikati ambayo nadhani haitajwi vya kutosha: springi za kushusha pamoja na shokapu mpya fupi zilizoundwa kwa ajili ya kimo hicho. Bilstein B12 ni mfano, seti inayounganisha shokapu za Bilstein B8 na springi za Eibach. Hupati nati wala kifundo, lakini unapata jozi iliyopatana. Kwa wengi wanaoniuliza, hili ndilo jibu walilokuwa wakilitafuta bila kujua jina lake.

Kulingana na hali yako

Gari lina kilomita chache na unalitaka kwa safari za kila siku: springi zinazoshusha milimita 20 hadi 30 kutoka kwa mtengenezaji anayetaja gari lako kwa jina na mwaka, si zile za "inafaa magari yote". Hifadhi za kiwandani. Siku ya kuuza zitakuwa na kazi.

Shokapu zimechoka: usifunge springi peke yake. Chagua njia ya katikati, au koilova.

Fedha zinafika kwenye koilova za bei ya chini kabisa tu: kwa fedha hizohizo springi nzuri zitakupa gari bora, mradi shokapu ni nzima. Kama si nzima, subiri.

Unapita barabara mbovu kila siku: hapa koilova nzuri inaweza kukushangaza, kwa kuwa unaweza kuiweka karibu na kimo cha kiwandani na bado ukapata utulivu wake. Springi hazikupi uhuru huo. Kama gharama ni kubwa, springi za kushuka kidogo kabisa, au acha kimo kilivyo na ubadilishe shokapu tu.

Unakwenda kiwanja cha mbio mara kadhaa kwa mwaka: koilova, baada ya matairi mazuri, pedi za breki na mafuta ya breki. Anza na kimo na ngazi alizopendekeza mtengenezaji, usishuke zaidi mpaka umeelewa gari linakuambia nini.

Kwa hali zote, soma sheria za kimo na marekebisho za mahali unapoendesha, na uwaarifu wa bima. Baada ya kushusha, taa za mbele zirekebishwe, na kama gari lina kamera au rada za usaidizi, ziangaliwe upya.

Na kama bado umekwama, pima alaimenti kwa matairi mazuri kwanza, uendeshe mwezi mmoja. Kisha mtafute mwenye gari kama lako lililofungwa kile unachokifikiria, umwombe akupakie, na mpite pamoja kwenye ile barabara mbaya unayoijua kwa kila shimo lake.